Gavana Romanus na Papa Gregori: nani hasa alikuwa na kauli ya mwisho Italia mwaka 592?

Kila tarehe 3 Septemba, Kanisa Katoliki linapomkumbuka Mtakatifu Gregori Mkuu, huenda ukakutana na simulizi kwamba Papa huyo aliteswa na gavana wa Wabizanti aliyeitwa Romanus, mtu ambaye, kwa maneno ya Gregori mwenyewe, ubaya wake ulizishinda panga za Walombardi. Hapo maswali huanza. Gavana wa nani, wakati shuleni tuliambiwa Dola la Roma lilianguka mwaka 476? Kwa nini gavana wa Italia akae Ravenna badala ya Roma? Na kama Papa ndiye aliyekuwa mkubwa wa Roma, gavana alipata wapi ubavu wa kumsumbua?

Romanus hakuwa mtu wa kupendeka, na hakuna haja ya kumsafisha. Lakini ukiishia kwenye ubaya wa roho yake, hutaelewa kilichotokea. Tatizo la Italia ya wakati ule lilikuwa kwamba mwenye mamlaka ya kutia sahihi hakuwa na hela, na mwenye hela hakuwa na mamlaka ya kutia sahihi. Ugomvi wa watu hawa wawili ulitoka hapo.

Tuanze na majina

Kilichokoma mwaka 476 ni ukaisari wa upande wa magharibi, pale kijana Romulus Augustulus alipoondolewa kitini. Upande wa mashariki, wenye makao Konstantinopoli, uliendelea na kaisari wake, sheria zake na hazina yake mpaka mwaka 1453. Wananchi wake walijiita Waroma. Hilo neno "Wabizanti" wamebandikwa baadaye na wataalamu, wakilitoa kwenye jina la kale la Konstantinopoli, Byzantion. Kwa hiyo Romanus hakujiona mgeni anayekalia nchi ya watu. Machoni pake, na machoni pa Gregori pia, wote wawili walikuwa raia wa dola moja chini ya Kaisari mmoja, Mauricius.

Italia yenyewe ilirudishwa kwa dola kwa vita. Kaisari Justinianus alipigana na Wagothi, waliokuwa wakiitawala, kuanzia 535 mpaka 554, karibu miaka 20, na mji wa Roma ukapita mkono hadi mkono mara kadhaa. Nchi ilibaki hoi. Miaka 14 baadaye, mwaka 568, Walombardi, watu wa kabila la Kijerumani, wakaingia kutoka kaskazini wakiongozwa na mfalme wao Alboin, na mwaka 572 wakauteka mji wa Pavia.

Walombardi hawakuichukua Italia nzima, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Ramani ilibaki na madoa kama ngozi ya chui. Walombardi walishika bara: uwanda wa mto Po, Milano, Pavia, na chini zaidi Spoleto na Benevento. Dola likabaki na pwani na miji inayofikika kwa chombo: Ravenna, Rimini, Genova, Roma, Napoli. Sababu ni ya wazi kwa yeyote anayeijua bahari. Walombardi hawakuwa na majeshi ya majini, na mji unaoletewa chakula kwa merikebu huwezi kuuua kwa njaa kwa kukaa tu nje ya lango lake.

Sasa cheo cha Romanus: huyo gavana aliitwa eksarko. Zamani Waroma walitenganisha kazi: huyu mkuu wa jeshi, yule mkuu wa raia na kodi. Vita vya Walombardi vilipozidi, Konstantinopoli ikaona mpangilio huo unachelewesha mambo, ikamweka mtu mmoja juu ya vyote. Cheo hicho kinaonekana kwa mara ya kwanza katika barua ya mwaka 584, na Carthage, Afrika ya Kaskazini, ikapata eksarko wake pia. Msomaji wa pwani anaweza kumfikiria liwali wa zama za masultani, mtu anayesema kwa niaba ya mtawala aliye ng'ambo ya maji. Ila huyu alikuwa pia jemadari mkuu. Aliwateua makamanda wa miji, akaamuru vita, akatia sahihi mikataba kwa jina la Kaisari.

Alikuwa na mipaka yake vilevile. Sicilia, ghala la ngano, haikuwa chini yake, bali ilikuwa na mtawala wake aliyewajibika moja kwa moja kwa Konstantinopoli. Na Papa hakuteuliwa na eksarko: wakati huo Waroma walimchagua, kisha Kaisari mwenyewe akamthibitisha. Gregori alingoja kibali hicho miezi kadhaa kabla ya kuwekwa wakfu tarehe 3 Septemba 590, na ndiyo maana sikukuu yake ikaangukia siku hiyo.

Kukaa Ravenna nako hakukuwa kuidharau Roma. Ravenna ilizungukwa na vinamasi visivyopitika kwa jeshi la farasi, na bandari yake ya Classe iliitazama bahari ya Adria, njia ya kwenda Konstantinopoli. Makaisari wa magharibi walikwisha kuhamia huko tangu mwaka 402, na wafalme wa Wagothi wakafuata. Hasara yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa kubwa: kutoka Ravenna hadi Roma ni takriban kilomita 280 kwa mstari ulionyooka, na katikati kuna milima ya Apenini.

Alichokikuta

Mtangulizi wa Romanus aliitwa Smaragdus. Huyu aliingia Grado kwa nguvu, akamkamata patriarka Severus pamoja na maaskofu kadhaa, akawapeleka Ravenna ili awalazimishe kukubaliana na msimamo wa Kaisari katika mgogoro wa kidini. Akaondolewa. Romanus akarithi maaskofu wenye kinyongo upande wa kaskazini mashariki na amri ya Kaisari kwamba wasiguswe kwa sasa.

Kusini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 589 mto Tiber ulifurika na kuharibu maghala ya nafaka ya Kanisa. Mwanzoni mwa 590 tauni ikaingia Roma na kumuua Papa Pelagius II. Gregori alipokea mji wenye njaa na maiti.

Mpango wa kwanza wa Romanus ulikuwa mzuri, na hili halisemwi vya kutosha. Mwaka 590 mfalme wa Wafaranki, Childebert II, alituma majeshi kupitia milima ya Alpi, na Romanus akatoka Ravenna kukutana nao. Aliikomboa Modena, Altino na Mantua. Mfalme wa Walombardi, Authari, akajifungia Pavia. Lengo lilikuwa kumbana huko, Wafaranki nchi kavu na merikebu za dola mtoni. Lakini majemadari wa Wafaranki, watu wao wakiharisha na kuchoka, wakafanya mkataba wa miezi 10 na Walombardi na kurudi kwao. Barua za Romanus kwa Childebert zipo, na ukizisoma unamsikia mtu aliyeona ushindi ukipita mbele ya macho yake. Authari akafariki mwezi Septemba mwaka huohuo. Aliyemrithi, Agilulf, alikuwa mkali zaidi yake.

Tangu hapo Romanus hakupata tena nafasi kama ile. Kaisari Mauricius alimaliza vita na Waajemi mwaka 591, lakini askari waliopatikana akawapeleka Balkani kuwakabili Waavari na Waslavi. Italia ikabaki na waliokuwepo. Ni kama msimamizi aliyeachiwa duka lenye rafu tupu na tajiri aliye ng'ambo: wateja wanamdai yeye, wakati funguo za kasha hana.

Njia moja tu

Ili uelewe mwaka 592, chukua ramani ya Italia uitafute barabara ya Flaminia. Ndiyo iliyokuwa njia kuu ya kutoka Roma kuelekea Adria, na mtawala wa Walombardi wa Spoleto alikuwa ameikalia katikati. Ikabaki njia nyingine upande wa magharibi wake, ipandayo kutoka Roma kwa kupitia Sutri, Bomarzo, Orte, Amelia, Todi na Perugia, kisha kuivuka milima kwenye ngome ya Luceoli na kushuka upande wa Adria. Hiyo ilikuwa korido ya nyumba yenye vyumba viwili. Jirani akikalia korido, walio chumba cha mbele na walio cha nyuma hawaonani tena, hata kama kila mmoja bado ana mlango wake.

Mwaka 592 Ariulf, mtawala wa Spoleto, alifika mbele ya Roma. Gregori anaeleza katika barua yake kwa askofu mkuu wa Ravenna kwamba Ariulf aliwaua baadhi ya watu na wengine akawakata viungo, na kwamba yeye mwenyewe kwa huzuni aliugua tumbo. Katika barua hiyohiyo anataja jambo ambalo kwangu lina uzito kuliko laana zake zote: kikosi kilichoitwa cha Watheodosi, kilichobaki kuulinda mji, kilikuwa hakijalipwa, na askari wake walikubali kwa shida tu kukaa zamu kwenye kuta.

Mshahara wa askari ulitakiwa kutoka kwenye hazina ya Kaisari iliyokuwa Ravenna. Kwa korido iliyozibwa na hazina iliyokauka, haukufika. Gregori naye alikuwa na kitu ambacho eksarko hakuwa nacho. Kanisa la Roma lilimiliki mashamba makubwa, hasa Sicilia. Mwaka 591 alimwandikia msimamizi wake huko, shemasi mdogo Petro, anunue ngano ya ratili 50 za dhahabu kutoka kwa wakulima wengine, nje ya mashamba ya Kanisa, aitunze tayari kwa kusafirishwa. Ratili moja ilitoa sarafu 72 za dhahabu, hivyo hizo ni sarafu 3,600, kiasi cha kilo 16 za dhahabu, kwa ngano ya nyongeza tu.

Basi Gregori akafanya alichoweza. Akamteua kamanda wa Napoli kwa barua yake mwenyewe, mtribuni Constantius, kwa sababu mji ulikuwa hatarini na eksarko hakuwa amemtuma mtu. Kisha akapatana na Ariulf. Kwa sheria, yote mawili yalikuwa kazi ya eksarko. Malalamiko ya Gregori hapa ni makali na ya haki: eksarko anajifanya haoni haja ya kupigana, na papo hapo anatukataza kufanya amani.

Jiweke sasa upande wa Ravenna. Ukikubali kwamba kila mji ulioelemewa unaweza kupatana peke yake na adui, adui hahitaji tena kupigana na dola. Atapatana na Roma, aihamishie nguvu yake Napoli, kisha apatane na Napoli aigeukie Ravenna. Gregori alilijua hilo vizuri. Mwaka 595, akimwandikia mshauri mmoja wa eksarko, alisema Agilulf yuko tayari kwa amani ya wote, na akikataliwa anatishia kufanya amani na Roma peke yake. Akaongeza kwamba hilo likitokea, visiwa na sehemu nyingine zitapotea. Watu hawa wawili walikuwa wanaiona hatari ileile. Walitofautiana juu ya nani atangulie kuumia.

Romanus akajibu kwa vita. Alisafiri hadi Roma, na katika kurudi akaikomboa korido mji kwa mji: Sutri, Bomarzo, Orte, Todi, Amelia, Perugia, Luceoli. Perugia aliipata kwa sababu mtawala wake Mlombardi, Maurisio, alihamia upande wa dola. Kijeshi ilikuwa kazi safi. Lakini askari hawakutoka hewani. Aliwachota Roma, akawapanga Narni na Perugia.

Agilulf akashuka kutoka Pavia kwa hasira. Akaiteka Perugia, akamuua Maurisio, kisha mwaka 593 akauzingira mji wa Roma ambao askari wake walikuwa wamepunguzwa. Gregori alikuwa katikati ya mfululizo wa mahubiri juu ya Nabii Ezekieli. Akayasitisha. Aliona kwa macho yake Waroma wakiwa wamefungwa kamba shingoni kama mbwa, wakipelekwa kuuzwa nchi ya Wafaranki. Jambo hilo alimwandikia Kaisari mwezi Juni 595, na hesabu yake ni fupi: kwanza amani aliyoifanya bila kuigharimu dola ilivunjwa, kisha Roma ikaachwa ili Perugia ishikwe, kisha akaja Agilulf.

Mji haukuanguka. Agilulf aliondoka, na masimulizi ya kale yanasema alikutana na Gregori kwenye ngazi za kanisa la Mtakatifu Petro. Fedha zilitumika, na Papa ndiye aliyezitoa. Akimwandikia malkia Constantina, mke wa Kaisari, alisema Roma imeishi miaka 27 kati ya panga za Walombardi, na kwamba kama Kaisari alivyo na mtunza hazina Ravenna kwa ajili ya jeshi, ndivyo yeye Gregori alivyo mtunza hazina wa Walombardi mjini Roma.

Konstantinopoli haikumpa shukrani. Maofisa wawili waliobeba lawama za kuzingirwa kule, mmoja wa raia na mmoja wa jeshi, Gregori ilibidi awatetee. Hata upungufu wa nafaka ulihesabiwa kosa, naye akaeleza kwamba katika mji ule nafaka haiwekeki muda mrefu bila kuharibika. Kaisari akamwita mjinga kwa kuamini ahadi za Ariulf. Hapo ndipo, katika barua kwa rafiki yake askofu Sebastianus, akaandika ile sentensi maarufu kwamba ubaya wa Romanus ulizishinda panga za Walombardi, akiongeza kwamba maadui wanaotuua wanaonekana wapole kuliko maofisa wa dola wanaotumaliza kwa uovu, unyang'anyi na hila.

Mambo matatu yanayosemwa vibaya

Husemwa Romanus alikuwa mzushi aliyelichukia Kanisa. Gregori hamshitaki kwa uzushi. Anamshitaki kwa dhuluma, uchoyo na kuzuia amani. Katika ule mgogoro wa maaskofu wa kaskazini mashariki, Gregori alitaka wabanwe, na aliyemwagiza awaache ni Kaisari mwenyewe.

Husemwa pia Papa alikuwa mtawala wa nchi, na gavana akamwingilia. Dola la Papa lilikuja zaidi ya miaka 150 baadaye. Gregori alijiona raia wa Kaisari, na ndiyo sababu barua zake zinauma: analalamika kama mtu wa nyumbani.

La tatu, kwamba maneno ya Gregori peke yake yanatosha kumhukumu Romanus, ni gumu zaidi kurekebisha. Zaidi ya barua 800 za Gregori zimehifadhiwa. Za Romanus tulizonazo ni zile kwa mfalme wa Wafaranki. Kesi ambayo upande mmoja una mafaili rafu nzima na mwingine karatasi chache lazima isikilizwe kwa subira. Dhuluma ya maofisa wa Ravenna ilikuwa ya kweli, sina shaka, kwa kuwa ofisa asiyelipwa vizuri hujilipa kwa raia. Lakini uamuzi wa kuipigania korido ulikuwa na mantiki, na waliougharamia ni wale waliofungwa kamba shingoni. Yote mawili ni kweli, na hakuna haja ya kulificha moja ili jingine lipendeze.

Jinsi ilivyokwisha

Ravenna yenyewe iligawanyika juu ya amani. Mwaka 596 mtu alibandika usiku tangazo la kumtukana Castorius, mjumbe wa Papa katika mazungumzo, na Papa mwenyewe. Gregori akawaandikia watu wa mji: aliyefanya hivyo ajitokeze hadharani athibitishe madai yake, ama asishiriki Mwili na Damu ya Bwana.

Romanus alifariki wakati huo, 596 au mapema 597. Mrithi wake, Callinicus, akamaliza mazungumzo, na kufikia mwaka 599 amani ilikuwepo. Wajumbe wa Agilulf walitaka sahihi ya Gregori kwenye mkataba. Akakataa, akapendekeza mmoja wa maaskofu au shemasi mkuu atie badala yake. Aliyeishikilia Roma kwa fedha zake hakutaka jina lake liwe chini ya karatasi ambayo mwingine angeweza kuivunja.

Ikavunjwa kweli. Mwaka 601 Callinicus alimkamata binti wa Agilulf pamoja na mumewe huko Parma. Agilulf akaiteka Padua, na mwaka 603 Cremona na Mantua, ile Mantua aliyoikomboa Romanus mwaka 590. Smaragdus, aliyerudishwa kazini, akanunua utulivu: mwaka 605 Agilulf alipewa sarafu 12,000 za dhahabu, kiasi cha kilo 54. Mkataba wa namna ileile ambao Gregori alitukanwa kwa ajili yake sasa ulikuwa sera ya dola.

Korido ilibaki. Perugia ilirudi upande wa dola, na Amelia na Todi zikaendelea kuziunganisha Roma na Ravenna kwa karne moja na nusu. Walombardi walipoichukua Ravenna mwaka 751, mfalme wa Wafaranki, Pipino, aliwashinda, na mwaka 756 akamkabidhi Papa miji waliyoiteka. Nchi iliyozaliwa hapo ilikuwa na umbo ambalo kila mwanafunzi wa historia ya Italia huliona ajabu, kipande karibu na Roma na kipande karibu na Ravenna vilivyoshonwa kwa ukanda mwembamba kupitia Perugia, na Perugia ikabaki chini ya Mapapa mpaka mwaka 1860.